Seva ng'ambo, akiba Wete: kuendesha blogu yako mwenyewe

Kwanza amua seva, yaani kompyuta inayowapa wasomaji blogu yako, itakaa wapi. Kuiweka nyumbani Wete au Mkoani kunavutia, maana kikompyuta kama Raspberry Pi hakili umeme mwingi wala hakidai kodi ya mwezi. Tatizo ni kwamba umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na ukikatika ghafla wakati memori kadi inaandikwa, mafaili huharibika na mashine isiwake tena. Hewa ya chumvi nayo hutafuna viunganishi pole pole. Kubwa kuliko yote, laini nyingi za simu humpa mteja anwani ya intaneti anayochangia na wengine, kwa hiyo msomaji aliye nje hana mlango wa kubisha hodi kwako. Kodi seva ndogo ng'ambo. Ile mashine ya nyumbani ifanye ghala la nakala.

Kwa blogu ya WordPress, kumbukumbu ya GB 1 inatosha ukiongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu) ya GB 2. Usipoiweka, siku wageni wakijaa Linux huizima MariaDB, programu ya hifadhidata inayotunza makala zako, ili ipate nafasi, na blogu hubaki ikilalamika kwamba haioni hifadhidata.

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Kisha andika "/swapfile none swap sw 0 0" mwishoni mwa /etc/fstab, ama sivyo itapotea seva ikizimwa na kuwashwa.

Sasa mlango. Seva ikishapata anwani tu, roboti huanza kubahatisha nywila zake. Usishindane nazo kwa nywila ndefu. Ondoa kabisa kuingia kwa nywila. Kwenye kompyuta yako tengeneza ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kwa ssh-keygen -t ed25519, upeleke kwa ssh-copy-id, halafu fungua dirisha la pili ujaribu kuingia. Dirisha la kwanza usilifunge mpaka la pili likubali.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Wanaandika "PasswordAuthentication no" kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, wanaondoka wametulia, na nywila bado zinakubaliwa. Sababu ni kwamba sshd, programu inayopokea wanaoingia, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na seva nyingi za Ubuntu za kukodi huja na faili 50-cloud-init.conf, ndani ya sshd_config.d, lenye neno "yes". Andika mstari wako kwenye faili liitwalo 00-funguo.conf humo humo ili lisomwe mwanzo, washa upya ssh, kisha hakikisha:

sudo sshd -T | grep passwordauth

Ukiwasha ufw, ukuta unaozuia wasioruhusiwa, ruhusu OpenSSH kwanza, kisha poti 80 na 443 wanazopitia wasomaji, ndipo uandike "sudo ufw enable". Ukigeuza mpangilio huo unaweza kujifungia nje, na itabidi uingie kwa konsoli ya kampuni iliyokukodisha.

Poti 80 usiifunge kwa kudhani 443 inatosha. Cheti cha Let's Encrypt, kinachoifanya blogu ifunguke kwa https, kinadumu siku 90, na certbot, programu inayokileta, kwa njia yake ya kawaida, hukihuisha kupitia 80. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe za kukumbusha, kwa hiyo jipime mwenyewe kwa "sudo certbot renew --dry-run".

Ndani ya WordPress, wavamizi hupitia zaidi kwenye programu jalizi zilizochakaa. Usiyoitumia ifute, ukiizima tu, mafaili yake bado yapo na huweza kuitwa kutoka nje. Mandhari ya kulipia inayogawiwa bure, achana nayo.

Tuje kwenye nakala. Seva nyingi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na cron, programu inayoendesha kazi kwa saa uliyoipangia, haijui saa za Kiswahili. Anayetaka saa nane usiku akaandika 8, nakala itatoka saa tano asubuhi, wakati wa wasomaji. Anza na "sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam", washa upya cron, kisha andika:

0 2 * * * /usr/local/bin/akiba.sh

Amri yenyewe ikae ndani ya faili hilo, kwa sababu alama ya % kwenye mstari wa cron huukata mstari:

mariadb-dump --single-transaction blogu | gzip > /srv/akiba/blogu-$(date +%F).sql.gz

Seva isisukume nakala nyumbani. Nyumbani ndiko kuvute, kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Aliyeiteka seva hatapata njia ya kufika Wete, na anwani ya kuchangia haikusumbui tena.

rsync -a --partial akiba@anwani:/srv/akiba/ /media/diski/akiba/

Fanya vivyo hivyo kwa picha zilizo wp-content/uploads. Rsync huleta yaliyobadilika tu, na --partial hubakiza kipande kilichokwisha kufika mtandao ukikatika, kwa hiyo bando haliishi bure. Usiongeze --delete: akiba ikifutwa kule, na hapa itafutika.

Kila wiki tazama ukubwa kwa ls -l. Hifadhidata ikigoma, gzip hutengeneza faili hata hivyo, lenye jina na tarehe sahihi, uzito wake baiti 20. Na mara moja kwa mwezi ifungue nakala ya karibuni kwenye mashine ya nyumbani, utafute humo makala uliyoandika mwisho.