Kuuguza mgonjwa nyumbani ukiwa na kuku uani

Anza na mgonjwa, malizia na kuku. Ukigeuza mpangilio huo, kinyesi cha kuku kitakufuata hadi kitandani, nacho hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, mbaya zaidi kwa mtoto, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu. Weka gambuti na leso kuukuu ya bandani mlangoni, visiingie ndani kamwe. Kisha nawa kwa sabuni sekunde 20. Siku za mgao wa maji Nairobi, tenga jerikeni moja la kunawa tu, lisiguswe kwa kufua.

Kuku 6 wa mayai hula takriban gramu 700 kwa siku. Wape nusu asubuhi, nusu jioni, upate mchana wa kumhudumia mgonjwa. Maranda yakilowa yageuze au yaondoe: harufu ile kali inayowasha macho ni amonia, na mwenye pumu ataisikia hata kupitia dirishani.

Mgonjwa akiharisha na huna pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sawazisha vijiko kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Yakipita saa 24, mwaga. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani au hakojoi, mpeleke hospitali mara moja.

Mayai ya mgonjwa yachemshwe hadi kiini kigande. Kuku wakiwa kwenye dawa, usimpe mayai hayo kabla siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijaisha.