Somo: Kutoa keshi kwenye kadi ya mkopo, na makato yake yote

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kadi haina kazi. Dagaa wameshapimwa, gari la Dar linasubiri, na muuzaji anataka noti au umrushie kwenye simu. Ndiyo maana swali hili halikomi: nina kadi ya mkopo, naweza kuchomoa keshi humo? Unaweza. Ila keshi ndiyo matumizi ghali kuliko yote ya kadi hiyo, na gharama yake nyingi huioni kwenye skrini ya mashine ya kutolea hela (ATM). Inakuja baadaye, kwenye taarifa ya mwezi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ya mkopo kweli

Kadi nyingi zilizo mifukoni mwetu ni za debiti, yaani unatoa hela yako mwenyewe. Visa na Mastercard ni majina ya mitandao tu, hayakuambii hela ni ya nani. Tafuta kwenye kadi neno DEBIT au CREDIT. Ukikuta DEBIT, somo hili halikuhusu, kaendelee na shughuli zako.

Hatua ya 2: Piga simu benki kabla hujasogelea mashine

Uliza kikomo cha keshi kwanza. Hiki si kile kikomo kikubwa ulichoandikiwa siku ulipopewa kadi. Unaweza kuwa na kadi ya milioni tatu, lakini keshi ukaruhusiwa sehemu yake tu. Kuna watu wamefika kaunta na mgonjwa yuko hospitali ya Bugando, ndipo wanaambiwa.

Kisha uliza ada ya kutoa keshi. Kwa kawaida huwa ni asilimia ya kiasi unachotoa, lakini ina kiwango cha chini. Hicho kiwango cha chini ndicho kinachowaumiza watu, nitaonyesha hapo chini. Juu ya ada za benki kuna VAT ya asilimia 18.

Mwisho uliza riba ya keshi, kwa maneno hayohayo, maana mara nyingi iko juu kuliko riba ya manunuzi. Na muhimu zaidi, haina siku za bure. Ukinunua bidhaa kwa kadi ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, benki nyingi hazikutozi riba. Keshi haina msamaha huo: riba inaanza siku ileile noti zinapotoka.

Namba ya siri nayo usiisahau. Wapo wanaoswaipu kadi dukani miaka nenda rudi kwa sahihi au kwa kugusa tu, na hawajawahi kuichukua.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwenye karatasi

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Nitatumia viwango vya mfano. Weka vya kadi yako mahali pake.

Tuseme ada ni asilimia 4, isipungue 10,000. Riba ni asilimia 36 kwa mwaka, ambayo wengi wataitaja kama asilimia 3 kwa mwezi ili isikike vizuri. Unatoa 400,000.

Ada ni 16,000. VAT juu yake 2,880. Jumla 18,880, nayo inaingia kwenye deni, kwa hiyo unadaiwa 418,880 kabla hujafika hata kwenye daladala. Riba ya deni hilo ni kama shilingi 413 kwa siku.

Ukirudisha baada ya siku 5, riba ni kama 2,070 na keshi imekugharimu karibu 21,000 kwa ujumla. Baada ya siku 30 inakuwa kama 31,300. Baada ya siku 90 inafika 56,000, na hapo sijahesabu riba juu ya riba.

Angalia vizuri. Kwa siku chache, kinachokula hela ni ada. Riba haijapata nafasi bado. Kuwahi kurudisha kunapunguza riba, ada hairudi. Sasa chukua mtu aliyeona laki nne ni nyingi kutoa kwa mpigo, akatoa laki moja moja mara nne. Asilimia 4 ya laki ni 4,000, lakini benki inachukua kiwango cha chini, 10,000. Mara nne ni 40,000, na VAT 7,200. Amelipa 47,200 kwa hela ileile ambayo mwenzake kaitoa kwa 18,880. Alidhani anajibana.

Hatua ya 4: Toa mara moja, kwenye mashine ya benki yako

Mashine ya benki nyingine inaweza kuongeza makato yake juu ya yale ya kwako. Mjini hili si tatizo, kuanzia Barabara ya Kenyatta hadi Rock City Mall mashine zipo. Kama unavuka kwenda Ukerewe au Sengerema, maliza shughuli hiyo upande huu.

Noti yetu kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo mashine nyingi hutoa kama laki nne tu kwa mara moja. Ukihitaji zaidi, ingia ndani kwenye kaunta na kitambulisho, uulize kama wanaweza kukupa zote kwa muamala mmoja.

Mashine ikikuuliza aina ya akaunti, chagua ya mkopo. Chukua risiti.

Hatua ya 5: Rudisha bila kungoja taarifa ya mwezi

Weka hela kwenye akaunti ya kadi, usiweke kwenye akaunti yako ya akiba ukidhani benki itajua yenyewe. Na usilipe 400,000 ukasema umemaliza. Uliza deni kamili la siku hiyo. Hata hivyo mwezi unaofuata unaweza kukuta vishilingi vya riba vilivyobaki. Vilipe, ni vya zile siku kabla malipo yako hayajaingia.

Maswali ya wanachama

*Mama Dagaa, Kirumba:* Shikamoo mwalimu. Mimi natoa keshi giza la mwezi likianza, nalipa mzigo ukiuzwa. Ni sawa?

Marahaba mama. Inategemea mzigo unazunguka kwa siku ngapi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikija mitumbwi inapumzika, lakini benki haipumziki. Ukichukua keshi giza likianza na mnunuzi wako wa Dar akalipa ndani ya wiki, gharama yako ni ada na riba ndogo, na faida ya gunia inaweza kubeba. Ukichukua giza likiisha, utakaa na deni siku zote za mbalamwezi bila mzigo wa kuuza. Wewe mwenyewe unajua faida yako kwa gunia. Gawa yale makato kwa idadi ya magunia, ndipo uamue.

*Dereva wa Buzuruga:* Kuna duka linanipitishia kadi kwenye mashine kama nimenunua bati, halafu mwenye duka ananipa keshi na kukata asilimia 5. Si nafuu kuliko benki?

Hayo ni mauzo ya uongo, kaka. Mkataba wa mwenye ile mashine unayakataza, na benki ikigundua inaweza kumnyang'anya mashine na kufunga kadi yako. Likitokea tatizo huna cha kudai, maana karatasi inasema ulipokea bati. Na kwa mfano wetu, asilimia 5 ya laki nne ni 20,000, ambayo inazidi ada ya benki pamoja na VAT yake. Ukikaa na deni, riba ya keshi inaweza kuigeuza hesabu hiyo, lakini si sababu ya kuhatarisha kadi. Kama kweli unahitaji bati, nunua bati kwa kadi, na keshi uliyokuwa umeitenga kwa bati ndiyo utumie kwingine. Hiyo ni halali na siku za bure unazipata.

*Muuguzi, Nyamagana:* Nikihamisha hela kutoka kadi ya mkopo kwenda kwenye simu, nakwepa ada ya keshi?

Usitegemee, dada. Benki nyingi zinahesabu kujaza pochi ya simu, na kubeti pia, kama keshi. Uliza kwanza. Kama unayemlipa ana mashine ya kadi, swaipu moja kwa moja.

*Binti wa Nansio:* Shemeji yuko Marekani, anataka kunitumia kadi yake ya mkopo na namba ya siri ili nitoe huku. Tufanyeje?

Msifanye, mdogo wangu. Kadi ni ya mwenye jina. Akishatoa namba ya siri kwa hiari yake, hela ikipotea benki yake ina sababu ya kumwambia ajibebee. Na gharama zitapandana: ada ya keshi, riba ya tangu siku ya kwanza, mara nyingi ada ya kutumia kadi nje ya nchi, na makato ya mashine ya huku. Mashine inaweza pia kukuuliza kama akatwe kwa dola badala ya shilingi. Hilo jibu lake huwa ni shilingi, kwa sababu ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayejipangia bei ya kubadilisha. Mwambie atume kwa huduma ya kutuma hela kutoka kwenye akaunti yake ya kawaida, iingie kwenye simu yako. Asilipie kwa kadi ya mkopo, atakuwa amerudi palepale.

*Mwalimu wa Igoma:* Kwa dharura ndogo, si bora Songesha au wale wa mkopo wa kwenye programu za simu?

Kukamilisha muamala mdogo utakaolipa kesho, Songesha, yaani ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua, inaweza kuwa nafuu kuliko ada ya chini ya kadi. Ila gharama yake inapanda kwa siku, usiilaze. Programu za mikopo, hakikisha kwanza zina leseni ya Benki Kuu. Zisizo nayo ni kausha damu tu za kwenye simu: zinachukua majina yote ya simu yako na siku ukichelewa wanapigiwa wakwe. Kati ya hizo na kadi, mimi nachagua kadi bila kufikiri mara mbili.

*Fundi, Nyegezi:* Mashine imesoma imetoa laki mbili, noti hazikutoka, na deni limeingia. Naenda benki yenye mashine?

Hapana, anza na benki iliyokupa kadi. Andika leo hii: tarehe, saa, mashine ilipo, na namba yake kama iko kwenye risiti. Dai kwa maandishi, uombe namba ya lalamiko. Wakirudisha laki mbili, angalia kama wamerudisha na ada, na VAT, na riba ya siku zote walizochunguza, kwa sababu kompyuta ilikuwa inahesabu muda wote huo. Wasipokutendea haki, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, lakini watakuuliza kwanza ile barua uliyoandikia benki yako.