Ankara ya maji na majitaka: namna ya kuikokotoa mwenyewe kabla ya kulipa

Ankara ikija kubwa, wengi hukimbilia kuangalia shilingi. Anza na uniti. Karibu shilingi zote kwenye karatasi ile, za maji safi, za majitaka na za tozo, zinatokana na namba moja: tofauti ya usomaji wa sasa na usomaji uliopita. Namba hiyo ikiwa na kosa, kila mstari unaoitegemea umekosewa.

Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Kwenye dira nyingi za majumbani, tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, na hizo pekee ndizo zinazotozwa. Tarakimu nyekundu, au vile visahani vidogo vyenye mshale mwekundu, ni sehemu za uniti: kilichoandikwa x0.1 kinahesabu lita 100 kwa kila alama, x0.01 lita 10, x0.001 lita 1. Kosa linalojirudia sana ni kuunganisha nyeusi na nyekundu. Dira inayosomeka 01271 nyeusi na 4 nyekundu ni uniti 1,271, si 12,714. Ukiona usomaji wa sasa ni karibu mara kumi ya uliopita, angalia hilo kwanza.

Kabla ya kukokotoa, hakikisha namba ya dira iliyochapwa kwenye ankara ni ile iliyogongwa kwenye dira yako. Pale ambapo dira tano zimepangwa ukutani bega kwa bega, kubadilishana ankara si jambo la ajabu. Tazama pia kama usomaji umeandikwa kuwa ni makadirio. Msoma dira akikuta geti limefungwa au mbwa amefunguliwa, mamlaka ya maji huweka wastani wa miezi iliyopita, na siku dira itakaposomwa kweli tofauti yote hukuangukia kwa pamoja.

Sasa hesabu yenyewe. Bei halisi utaipata kwenye jedwali la mamlaka yako. Huidhinishwa na mdhibiti wa huduma za maji: kwa Tanzania Bara ni EWURA, kwa Kenya ni WASREB. Hapa chini tumeweka bei za mfano ili uone njia. Weka za kwako mahali pake.

Tuseme usomaji uliopita ni 1,248 na wa sasa ni 1,271. Matumizi ni uniti 23. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,600 kwa uniti, maji safi ni 36,800. Majitaka yana njia zake. Njia ya kwanza hudhani kwamba sehemu fulani tu ya maji uliyopokea ndiyo inarudi kwenye bomba la majitaka, kwa sababu mengine umeyanywa, umepikia au umemwagilia. Sehemu hiyo ikiwa asilimia 80, ujazo unaotozwa ni uniti 18.4, kwa shilingi 500 kila moja unapata 9,200. Jumla inakuwa 46,000, na tozo ya mdhibiti ikiwa asilimia 1, ongeza 460. Ankara ni shilingi 46,460.

Njia ya pili haiangalii ujazo, inachukua asilimia ya fedha ya maji. Nairobi, kwa miaka mingi, majitaka yametozwa asilimia 75 ya gharama ya maji. Hapo mara nyingi bei ya maji nayo ni ya ngazi: uniti za mwanzo rahisi, zinazofuata ghali. Kwa mfano, uniti 6 za kwanza ni shilingi 50 na zinazozidi ni 80. Uniti 23 zinakuwa 300 ukijumlisha 17 mara 80, yaani 1,660. Majitaka ni 1,245. Jumla 2,905.

Bei za ngazi zina mtego. Dira isiposomwa mwezi mmoja, kisha ikasomwa kwa miezi miwili pamoja, uniti 46 zikitozwa kama za mwezi mmoja utapewa nafuu ya uniti 6 mara moja badala ya mara mbili. Maji yatakuwa 3,500 badala ya 3,320, na ukiongeza majitaka umezidishiwa shilingi 315. Dai ngazi zizidishwe kwa idadi ya miezi. Usipouliza, huenda hakuna atakayekukumbusha.

Kumbuka majitaka hayana dira yake nyumbani; yanaifuata dira ya maji safi. Ndiyo maana maji yanayovuja ardhini unayalipia mara mbili, kama maji safi na kama majitaka, ingawa hata tone halikufika kwenye mtandao. Na kama nyumba yako inatumia shimo au karo na unaita gari la kunyonya, mstari wa majitaka haupaswi kuwapo kabisa. Ukiuona, peleka ankara ofisini waje kukagua kama umeunganishwa.

Uniti zikiwa sahihi kwenye karatasi lakini ni nyingi kuliko matumizi yako, tafuta mvujo. Funga koki zote, subiri matanki yajae, kisha tazama kile kinyota au pembetatu ndogo usoni mwa dira. Kikizunguka, hata polepole, kuna maji yanapita. Funga valvu iliyo baada ya dira: kikisimama, tatizo liko upande wa nyumba; kikiendelea, ama valvu haifungi vizuri ama kuna mvujo kati yake na dira. Kama dira yako haina kinyota, andika tarakimu zote usiku, nyekundu pia, na uzisome tena alfajiri kabla mtu hajaenda chooni.

Mshukiwa wa kwanza ni tanki la choo. Tia rangi ya chakula ndani yake, usivute maji kwa dakika 20, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana chini, raba ya kuziba imechoka. Mvujo huu hausikiki, lakini lita moja kila dakika tano ni lita 288 kwa siku, zaidi ya uniti 8 kwa mwezi. Koki inayodondoka tone moja kwa sekunde, inayowaudhi watu kuliko zote, haifiki hata uniti moja kwa mwezi. Mshukiwa wa pili ni boya la tanki la juu. Likikwama usiku na maji yakafurika kwa lita 10 kwa dakika, kwa muda wa saa nane ni karibu uniti 5, na kwa kuwa bomba la kufurikia wengi wamelielekeza kwenye mtaro nyuma ya nyumba, hakuna anayeona.

Penye mgao kuna jingine. Maji yanaporudi baada ya siku kadhaa, husukuma hewa iliyojaa bombani, na hewa nayo huzungusha dira. Fungua valvu kidogo kidogo siku maji yanaporudi, na usiache koki wazi ukisubiri.

Hujapata mvujo? Pima dira yenyewe. Chota lita 100 na uone kama tarakimu zimesogea 0.100. Usiamini dumu lililojazwa hadi mdomoni, kwani huingia zaidi ya lita 20. Weka kwenye mizani, toa uzito wa dumu, upate kilo 20 za maji, piga alama, kisha jaza hadi hapo mara tano. Tofauti ya lita mbili tatu inaweza kuwa ya upimaji wako. Ikifika 10, omba kwa maandishi dira ipimwe, ukiambatisha picha za usomaji zenye tarehe. Mamlaka isipojibu, hatua inayofuata kwa Tanzania Bara ni EWURA, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, hushauri namna ya kuwasilisha lalamiko.

Nyumba ya wapangaji ina ugomvi wake. Dira kuu imesoma uniti 41, ankara kwa bei zetu za mfano wa kwanza ni 82,820. Dira ndogo za vyumba zinasoma 9, 12, 7 na 8, jumla 36. Uniti 5 zimepotea kati ya koki ya uani, mvujo na dira ndogo zisizohisi maji yanayopita taratibu. Ukigawa ankara kwa 41, kila uniti ni 2,020, na shilingi 10,100 hazina mlipaji. Ukigawa kwa 36, uniti ni takribani 2,300, na wa uniti 12 atalipa kama 27,600. Kubalianeni mapema ipi itatumika, na mwenye nyumba asome dira zote siku ileile inayosomwa dira kuu. Pengo likizidi kukua mwezi hadi mwezi, hilo si suala la kugawana tena, ni la kumwita fundi bomba.