Kupanda Mkwaju kwenye Kiwanja cha Nyumba Tabora

Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika, na kwa Tabora, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili kisha kiangazi kikashika, ni mti wa kivuli usio na washindani wengi: mininga na miyombo inapopukutisha majani, mkwaju hubaki na majani mabichi, isipokuwa ukame ukizidi mno ndipo hupunguza sehemu yake.

Amua kwanza mahali. Mkwaju uliokomaa huweza kupita mita 20 kwenda juu na matawi yake hutanda sana, hivyo upandwe angalau mita 10 kutoka ukuta wa nyumba, shimo la choo na nyaya za umeme. Mwenye kiwanja chembamba atafute mti mwingine. Mahali panapotuama maji hapafai, na mboga hazistawi chini ya kivuli chake.

Sia mbegu mwezi Agosti ili mche uwe tayari mvua zikikolea Desemba. Osha mbegu hadi nyama yote ya ukwaju itoke, kwaruza ganda gumu upande mmoja kwa msasa, loweka usiku kucha, kisha weka mbegu moja kwa kila kiriba kirefu (kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche). Nyingi huota ndani ya wiki mbili. Mkwaju hutanguliza mzizi mkuu kwenda chini, kwa hiyo inua viriba mara kwa mara na ukate kwa mkasi mzizi uliotoboa kitako, la sivyo siku ya kuhamisha mche utang'oa shina na kuacha mzizi ardhini.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, kwa kuwa samadi mbichi na nyasi kavu huita mchwa, adui mkubwa wa miche huku kwetu. Matandazo, yaani majani ya kufunika udongo, yasiguse shina. Zungushia miiba, maana mbuzi hawachagui.

Kiangazi cha kwanza na cha pili, mwagilia ndoo moja taratibu kila wiki. Mti uliotokana na mbegu huchukua miaka saba au zaidi kuzaa; anayetaka ukwaju mapema anunue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mkwaju unaozaa tayari. Matawi ya chini yaondolewe kidogo kidogo wakati wa kiangazi, hadi mtu aliyejitwika ndoo aweze kupita chini yake bila kuinama.