Kumbukumbu imepotea kweli, au majibu hayaaminiki? Tunavyopima hapa Tanga

Wiki iliyopita tabibu kijana aliyehamia Tanga karibuni aliniletea faili. Mgonjwa alianguka na bodaboda, anadai fidia, na kwenye kipimo cha kumbukumbu amepata alama za chini kuliko wagonjwa wa kiharusi niliowahi kuwapima. Mwenzangu alikuwa tayari kuandika "anadanganya". Nikamwomba aiweke kalamu chini, tukampima upya pamoja. Nawaandikia wenzangu mnaopima njia tuliyoipita.

Hatua ya 1: Zungumza naye kwanza

Hili mnalijua. Msalimie, muulize, kisha msikilize msindikizaji akiwa peke yake. Ninachotafuta ni aina ya usahaulifu. Ubongo ulioumia kwa kawaida hushindwa kushika mapya: alichokula asubuhi, ulichomwambia dakika kumi zilizopita. Jina la mama yake na mtaa aliokulia hubaki. Mtu aliyepanda daladala peke yake kutoka Pongwe, akafika saa aliyopangiwa, kisha asijue jina la mama yake, huyo namtazama mara mbili.

Hatua ya 2: Sarafu mkononi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na vya kwenye simu sivitumii kabisa. Mwanasaikolojia wa ubongo Narinder Kapur alikichapisha mwaka 1994, na kinahitaji sarafu tu. Mwoneshe sarafu ya shilingi 200 kiganjani kwa sekunde mbili. Fumba ngumi zote mbili. Yeye afumbe macho, ahesabu kurudi nyuma kutoka 10 hadi 1, afumbue, aguse ngumi yenye sarafu. Rudia mara 10, ukibadilisha mkono bila mpangilio.

Wagonjwa waliopoteza kumbukumbu vibaya sana hupata zote au karibu zote. Anayebahatisha tu hupata kama 5. Kupata 1 au sifuri kwa bahati hutokea takriban mara moja katika mia, kwa hiyo anayefika huko karibu hakika alijua sarafu iko wapi akagusa kwingine. Kijana wetu wa bodaboda alipata 3. Alama hiyo haithibitishi kwamba amekusudia. Inachosema ni kwamba alama zake nyingine za siku ile siwezi kuzitegemea.

Hatua ya 3: Picha mbili mbili

Ukiwa na TOMM, kipimo cha kutambua kumbukumbu ya kuigiza, itumie: picha 50, kisha anachagua ile aliyoiona kati ya mbili. Kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka, ndiyo maana hata mwenye jeraha la kweli hufanya vizuri. Mwenye shida ya akili ya uzeeni iliyokomaa anaweza kushuka chini ya kigezo bila hila yoyote. Picha zenyewe usizioneshe nje ya chumba cha kupimia.

Hatua ya 4: Kipimo kinamfaa aliye mbele yako?

Hapa niliwahi kupoteza siku nzima, na nusura nimdhulumu mtu. Alikuja mzee wa Ngamiani na binti yake. Binti alisema baba anapotea kati ya Barabara ya 8 na ya 9, naye kaishi hapo maisha yake yote. Nikampa kipimo cha Rey cha vitu 15: unaonesha karatasi kwa sekunde 10, unaificha, anachora alivyoviona. Alichora vitatu. Kigezo kinachotumika sana ni kwamba chini ya 9 pana mashaka. Nikaanza kuandika.

Binti yake ndiye aliyenifungua macho. Aliuliza kwa upole kwa nini baba ameanzia kulia. Nikaitazama karatasi tena: kweli, mistari yote ilianzia kulia, na A aliichora taratibu, kama mtu anayechora nyumba. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hizi za kizungu sikuzisoma. Mimi nimesoma chuoni tu." Alikuwa anasoma Kurani na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu tangu utotoni.

Kipimo kile ni chepesi kwa sababu vitu 15 ni makundi matano tu: A B C, 1 2 3 na kuendelea. Asiyezijua herufi hizo haoni kundi, anaona michoro 15 isiyohusiana. Tangu siku ile simpi yeyote kabla sijamuuliza amesoma wapi, kwa herufi gani, na anaandika nini nyumbani. Kuuliza "umefika darasa la ngapi" hakutoshi katika pwani yetu. Mzee nilimpima kwa sarafu, akapata 10 kati ya 10. Kupotea kwake kulikuwa kwa kweli.

Tarakimu nazo zina mtego. Kuna kigezo cha kurudia tarakimu: unajumlisha tarakimu nyingi kabisa alizoweza kuzirudia mbele na alizoweza nyuma, na jumla ya 7 kushuka chini inatia shaka. Kilitengenezwa kwa wasemaji wa Kiingereza, na tarakimu zao kutoka moja hadi tisa zina silabi moja kila moja isipokuwa saba. Zetu zote zina silabi mbili. Neno refu hula nafasi kubwa zaidi katika kumbukumbu ya muda mfupi. Utafiti wa mwaka 1980 uliliona hilo kwa wasemaji wa Welsh, lugha ya Wales. Kwa hiyo matokeo ya tarakimu nayaandika, ila simhukumu mtu kwayo. Na mpime kwa lugha anayohesabia pesa sokoni. Kama ni Kisambaa, tafuta anayekijua.

Hatua ya 5: Ondoa sababu nyingine

Sonona, maumivu, kukosa usingizi, dawa za kifafa, homa. Ukiona mojawapo, itibu kwanza, umpime siku nyingine asubuhi.

Hatua ya 6: Ripoti

Kipimo kimoja hakitoshi. Nataka vipimo viwili vya aina tofauti, pamoja na maisha yake ya kila siku. Neno "mwongo" silitumii, maana alama hazinioneshi moyo wa mtu. Mwenye jeraha la kweli naye anaweza kuongeza chumvi kwa kuogopa kutoaminiwa. Kwa kijana wa bodaboda tuliandika: "Matokeo ya leo hayapimi uwezo wake halisi wa kumbukumbu. Jeraha halijathibitishwa wala kukanushwa. Arudi baada ya wiki sita." Tulimsomea maneno hayo yeye na mama yake kabla ya kutia sahihi.