Kukagua Nyama na Maziwa Kabla ya Kulipa Jijini Nairobi

Nyama iliyopitia njia halali hukaguliwa mara mbili kabla ya kufika buchani: kwanza mnyama akiwa hai kwenye zizi la kichinjio, kisha mzoga ukiwa umening'inizwa. Katika ukaguzi wa pili mkaguzi hupasua misuli ya taya na moyo akitafuta malengelenge ya tegu, hukata ini kutafuta minyoo, na hupapasa mapafu na matezi kwa dalili za kifua kikuu. Kazi hiyo, inayosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, mnunuzi hawezi kuirudia akiwa amesimama mbele ya kaunta. Anachoweza ni kudai ushahidi kwamba ilifanyika.

Ushahidi wa kwanza ni muhuri. Nenda asubuhi, paja likiwa bado zima, na utazame upande wake wa nje. Muhuri hugongwa sehemu kadhaa za mzoga kwa wino usiodhuru, na muuzaji makini huacha kipande chenye muhuri kikatwe mwisho. Ukifika jioni ukakuta vipande na mifupa tu, omba cheti kilichotoka na nyama kichinjioni, usome tarehe. Bucha moja nililozoea kununua huko Umoja lilinionyesha cheti cha siku nne nyuma, kimekunjwa ndani ya droo ya pesa, huku nyama yenyewe ikiwa nyekundu kana kwamba imechinjwa alfajiri hiyo. Kilo yangu niliiacha kwenye mizani.

Wekundu wa aina hiyo ni wa kutiliwa shaka. Nyama iliyokatwa huanza kufifia na kuelekea kahawia ikikaa hewani. Ile isiyobadilika hata kidogo huenda imetiwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali iliyozua kelele mwaka 2019 baada ya runinga kufichua nyama ya supamaketi. Kemikali hiyo huficha uzee wa nyama na inaweza kumletea mwenye pumu shambulio. Kwa kuwa taa nyekundu nazo hudanganya jicho, omba kipande kisogezwe mlangoni penye mwanga wa jua, kisha ukinuse. Wapo wanaopima kwa inzi, wakiamini kwamba nyama isiyotuliwa na inzi ina kemikali, lakini mimi sikitegemei kipimo hicho, kwani bucha safi lenye wavu madirishani halina inzi hata nyama ikiwa njema.

Maziwa hayana muhuri, na hapo ndipo mnunuzi anapobaki na kazi kubwa zaidi. Kwenye ATM ya maziwa, yaani mashine inayokupimia maziwa kwa kiasi cha pesa zako, tafuta ukutani leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya ambayo muda wake haujaisha, na uulize maziwa yalipasteraishiwa wapi, yaani kupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha kupozwa. Tazama pia yanavyoletwa: mtungi wa plastiki wenye mdomo mwembamba haufikiki kwa brashi, ndiyo maana chombo kinachofaa ni cha aluminiamu au cha chuma kisichoshika kutu. Ukionyeshwa laktomita, kifaa kinachoelea ndani ya maziwa kupima uzito wake, kumbuka kwamba maji hushusha kipimo ilhali kuondoa malai hukipandisha, kwa hiyo mjanja anayefanya yote mawili huweza kukuonyesha kipimo kizuri.

Nyumbani, kabla hujachanganya na maziwa ya jana, chemsha vijiko viwili peke yake. Yakikatika, yameshachacha, yarudishe. Yasipokatika, chemsha yaliyobaki hadi yafure. Moto huua vijidudu vya bruselosi, homa inayotoka kwa mifugo, na vya kifua kikuu cha ng'ombe, lakini hauondoi mabaki ya antibayotiki wala aflatoksini, sumu ya kuvu iliyotokana na chakula cha mifugo, na vitu hivyo huhitaji vipimo maalumu.

Ukishuku jambo, mwone afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yako, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vichinjio na utoaji wa leseni kwa wauzaji wa vyakula. Beba risiti au ujumbe wa M-Pesa, ambao huonyesha saa na jina la mpokeaji, na uyahifadhi mabaki kwenye friji. Usisubiri yaishe au yaoze, na usimgombeze muuzaji kwanza, kwa sababu afisa atahitaji kuchukua sampuli yake mwenyewe dukani humo, na bidhaa iliyokwisha kufichwa haipimiki.