Dalili za MS zikizidi wakati wa msongo, andika saa zilipoanza
Kwa mwenye maltipo sklerosisi (MS), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, dalili za zamani kama ganzi au ukungu wa macho zinapoamka wakati wa msongo wa mawazo, andika papo hapo saa zilipoanza, pima joto la mwili, kisha pumzika mahali penye ubaridi. Neva zilizokwisha kupoteza utando wake hupitisha ishara kwa shida zaidi mwili unapochoka au kupata joto, hivyo dalili za namna hiyo kwa kawaida hutulia bila kuacha uharibifu mpya. Njia hii haitoshi iwapo dalili ni mpya, au imedumu zaidi ya saa 24: hapo tafadhali usiusingizie msongo, mpigie daktari na umsomee ulichoandika. Ukiwa na homa, omba pia upimwe maambukizi, hasa ya njia ya mkojo.